Kiraka Chetu Kikae Katikati

Jumatatu, 18 Novemba
Wiki ya mwisho ya shule. Binti yangu karudi na ujumbe: kila familia ya darasa la tatu ilete kiraka cha kitambaa chenye kumbukumbu ya nyumbani. Viraka vitaunganishwa viwe blanketi moja, litundikwe darasani Ijumaa, wazazi wote wakiwepo. Kitambaa! Na mimi fundi makochi! Shughuli hii imeletwa kwa ajili yangu. Mwaka jana Mwokaji wa mtaani kwetu, baba wa mapacha, alioka keki yenye umbo la shule, na hadi leo watu wanamwamkia kwa mikono miwili. Safari hii atanitambua.

Binti akauliza kama tuna chochote cha mama. Nikasema hatuna. Kweli hatuna. Baada ya mazishi niliwapa wakwe kila kitu, hata kandambili, maana lile kabati sikuweza kulifungua. Nikamkatia mahameli nyekundu, ya makochi ya wakubwa. Akasema asante kama mtu aliyepewa dawa.

Jumanne, 19 Novemba
Mahameli imerudishwa! Mwalimu anataka kiraka cha ukubwa wa daftari. Chetu kinatosha kufunika meza. Fedheha. Nimekwenda shuleni mwenyewe, nikakipunguza mbele yake, nikajitolea kushona blanketi zima. Mwalimu alifurahi mpaka nikajiona mtu mwema. Mwokaji alikuwepo, kaleta biskuti za watoto. Akasema atakuja kunisaidia kushika kitambaa. Nikamwambia kazi hii haihitaji unga.

Moyoni: anayeshona ndiye anayepanga!

Alhamisi, 21 Novemba
Mfuko wa viraka umefika karakana. Shati la babu wa mtu, pazia, nepi, mfuko wa mto. Majina hakuna. Mahameli yetu nimeiweka katikati, inang'aa peke yake. Halafu nikakutana na kiraka cha maua, kimefifia, kimefuliwa mpaka kimelegea. Nani mwingine kama si Mwokaji, bahili yule? Nikakigeuza ndani nje, nikakisukuma chini pembeni kabisa, nusu nikaikunjia kwenye upindo. Nilicheka peke yangu.

Kuinua blanketi, haliinuki. Nimelishona pamoja na kava la kochi la daktari wa meno! Kufumua mpaka macho yakaniuma. Na daktari mwenyewe akatokea, akauliza kochi lake limefikia wapi. Nikamwambia liko katika hatua nyeti.

Ijumaa, 22 Novemba
Sijui niandikeje.

Blanketi likatundikwa. Makofi. Kila mtoto akaitwa aonyeshe kiraka cha kwao. Mapacha wakaonyesha aproni nyeupe ya baba yao, safu ya juu. Nikashtuka kidogo. Bado sikuelewa.

Ikaja zamu ya binti yangu. Akaipita mahameli kama haipo. Akatafuta juu, akatafuta kati. Mwisho akapiga magoti, akaufunua ule upindo kwa kidole.

“Hili gauni la mama la kupikia,” akawaambia wenzake. “Mama mdogo alinikatia. Baba hajui. Nilitaka afurahi.”

Hakulia. Alikuwa amekigeuza kile kiraka upande wa mbele, na hapo nikauona mshono wa mfuko. Mshono wangu. Nilimshonea marehemu mfuko ule kwa mkono wangu, maana kila siku alikuwa anapoteza kiberiti jikoni.

Miguu ilinipeleka mbele. Nikamwomba mwalimu mkasi na sindano. Sindano ikanichoma kidole mara mbili, mimi ninayetoboa ngozi ya kochi bila kutazama! Mwokaji akasogea bila kuitwa, akakikaza kitambaa. Habari za unga hakuzitaja. Nikaifumua mahameli, nikalishona gauni mahali pake. Binti akanishikia uzi. Akaniuliza polepole kama kweli sikulitambua. Nikasema sikulitambua, mwanangu. Akasema hata yeye, siku nyingine, anaisahau sauti ya mama.

Nikaendelea kushona.

Jumapili, 24 Novemba
Tumekwenda kwa wakwe, mimi na binti. Shemeji akatoa gauni lililobaki, tukakaa nalo magotini. Mama mkwe akasimulia jinsi marehemu alivyokuwa akiimba vibaya makusudi ili mimi nicheke. Binti akataka kuusikia wimbo. Tukauimba wote, vibaya. Nimelia, na nimepata nafuu.

Nimeelewa sasa. Mambo ya watoto si mashindano. Naandika ili nisisahau.

Jioni mwalimu kapiga simu kushukuru. Akadokeza kwamba mwakani darasa litaanzisha bustani, kila familia ipande mche mmoja na kuutunza pamoja na mtoto. Mwokaji keshaomba kona yenye jua. Jua lote lile peke yake!

Nimempigia rafiki yangu mwenye shamba. Anao mpapai mkubwa, umeshazaa, na yuko tayari kuung'oa na mizizi yake. Mkokoteni upo. Kilichobaki ni kimoja tu: utapita getini na mapapai yake, au tuyachume kwanza, halafu tuyafunge tena kwa kamba?