Upepo wa Papa Blanchard na Mtakatifu wa Mlangoni

Jongeeni, enyi watu wa Ibanda na Kadutu, nanyi wa Bagira mnaodai kwamba mmekwisha kuona yote! Zimeni redio, epueni sufuria ya sombe, mketi. Wengine na wawasimulie habari za falme na vita. Mimi nina jambo zito kuliko hayo. Nitawasimulia jinsi Blanchard mwana wa Cirhuza, muuza mabati wa Nyawera, mbabe wa misumari, mshindi wa mizani, alivyotafuta upepo wa matairi manne kwa siku tatu mfululizo, na akaupata. Asiyetaka kusikia aende akanunue mkate.

Nianze na farasi wake, maana shujaa asiye na farasi ni mpita njia tu. Lilikuwa gari jekundu la mbio, lililotoka Japani, likashukia Dar es Salaam, likapanda milima yote juu ya mgongo wa lori kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Lilikuwa na milango miwili, viti viwili, na tumbo lililokaa chini hata kuku hakupita chini yake. Wenye kulitengeneza waliapa kwamba litakwenda kilomita mia mbili na arobaini kwa saa. Hapa Bukavu, kwa hisani ya mashimo yetu, lilikuwa limefika thelathini, mara moja, kwenye mteremko. Blanchard aliliita Radi. Majirani waliliita Sabuni.

Sasa shikeni hili. Jumamosi binti yake wa pekee, Colombe, angeolewa, na Jumatatu angepanda ndege kumfuata mumewe Kinshasa, mji ambao barabara ya Bukavu haijawahi kuufikia. Baba ndiye humpeleka bibi arusi kanisani. Ndani ya Radi mlikuwa na kiti cha baba na kiti cha binti, basi. Cha shangazi hakikuwapo. Ndani ya Prado ya Télesphore, kaka wa mkewe, mlikuwa na viti saba, na mashangazi watano walikwisha kuvigawana. Kutoka nyumbani mpaka kanisani ni dakika ishirini. Blanchard alizitaka dakika hizo awe na mwanawe peke yake. Hakumwambia mtu, maana wanaume wa Nyawera hawasemi mambo kama hayo.

Ole wake, Radi lilikuwa likitetemeka! Jumatano Colombe alipanda kulijaribu, akashuka ameshika kichwa, akatoa hukumu.

— Papa, nakupenda sana, Mungu anaona. Lakini hii motokari inanitingisha mpaka meno. Nikiingia mu kanisa na coiffure ya nywele yote imeanguka, batu batasema nini? Kama Jumamosi inatetemeka tena, nitaingia mu Prado ya tonton Télesphore.

Naye Télesphore, aliyekuwa pale kwa shughuli yake ya kila siku, yaani kula, akasafisha koo.

— Beau-frère, shemeji yangu, usihuzunike. Gari ya sport ni ya batu ya Ulaya, sisi huku tuko na milima. Mutoto nitamubeba miye. Weye utafuata nyuma, pole pole, na Sabuni yako.

Loo! Maneno hayo yalimwingia Blanchard kama mwiba wa samaki. Akainuka, akavaa kofia, akaapa kwamba kosa ni la upepo wa matairi, na vita vikatangazwa.

Jeshi la kwanza alilolikabili lilikuwa la mtu mmoja, Elysée, kwado mashuhuri, fundi wa matairi mwenye kompresa moja na mwavuli mmoja kando ya barabara. Elysée alilizunguka gari, akafumba macho, akalipiga tairi teke, akasikiliza.

— Papa, hii mupira iko na njaa. Miye situmiaka kipimo. Muguu yangu njo kipimo! Nimepiga teke mipira ya mapadri, ya bakoloneli, ata ya ambilansi, na hakuna ata moja yenye ilirudi kulalamika.

Kama matairi hayo hayakurudi kwa kuridhika au kwa kutofika, hakusema. Akatia upepo mpaka matairi yakawa magumu kama kinu. Blanchard akatoka kwa fahari, na Radi likaacha kutetemeka kweli, maana sasa lilikuwa likiruka. Lilitua juu ya kila kokoto kwa heshima zake zote. Kufika nyumbani shujaa alikuwa ameng'ata ulimi mara mbili, na kofia imemshuka mpaka puani.

Alhamisi akamwendea Dany, dereva wa lori za Kamituga, mtu aliyewahi kukaa siku tisa kwenye tope na kwa sababu hiyo akawa bingwa wa mambo yote.

— Toa upepo, papa, toa! Mupira laini njo inakamata udongo. Mu njia ya Kamituga tunaitoaka mpaka inakaa kama tumbo ya muzee. Nani alikudanganya na upepo mingi?

Wakatoa. Radi likaketi chini kama kuku anayeatamia mayai. Usukani ukawa mzito kama mwiko wa ugali wa matanga, na kwenye kibonde cha kwanza tumbo la gari lilikwaruza kwa sauti ambayo mama mmoja muuza ndizi alipoisikia alifanya ishara ya msalaba.

Ijumaa mchana Blanchard alirudi kwa Elysée, macho mekundu.

— Elysée, mwana wa watu, niambie mbele ya Mungu na mbele ya hii kompresa: namba ya kweli ya upepo ni ngapi?

— Namba? akasema kwado, akishangaa. Namba iko mu mulango ya chauffeur. Banaiandikaka pale ku kiwanda.

— Na Jumatano mbona hukunionyesha?

— Papa, haukuniuliza namba. Ulisema nitie upepo. Nilitia.

Blanchard akafungua mlango wa dereva. Pale pale penye namba alisimama Mtakatifu Kristofa, mlinzi wa wasafiri, katika rangi zake zote, Mtoto Yesu begani. Nani alimbandika? Blanchard mwenyewe, kwa gundi ya mabati, siku padri alipolibariki gari! Miezi minane mtakatifu alikuwa akilinda, na zaidi ya kitu kingine chochote alizilinda zile namba.

Nani sasa angethubutu kumbandua, mkesha wa arusi? Waendesha pikipiki waliokusanyika kutazama wakarudi nyuma. Elysée akaweka koleo chini.

— Ile miye siigusi. Niko na batoto.

Blanchard naye mkono ulimwishia hewani. Akilini aliiona Prado, aliwaona mashangazi watano, akamwona mwanawe katikati yao akienda. Lakini akimkosea mtakatifu, ndege ya Jumatatu italindwa na nani? Ndipo akatokea Gisèle mkewe, thermos ya chai mkononi, maana alikuwa akimtafuta mtaa mzima.

— Blanchard! Famille ya mukwe wetu imejaa mu salon, weye uko huku unachungulia mulango? 

Alipoelezwa akacheka kwa dharau.

— Huyu alibeba Mutoto ya Mungu, akavuka naye muto. Njo atashindwa kuhama kidogo tu? Sogea!

Akaimwaga chai ya moto pale, akaanza Salamu Maria, akaingiza ukucha. Kufika “Amina” mtakatifu alikuwa mkononi mwake, mzima, isipokuwa mguu mmoja uliobaki mlangoni. Na chini yake, katikati ya maandishi ya Kijapani ambayo Mungu peke yake aliyasoma, zikang'aa namba.

Jumamosi alfajiri, matairi yangali baridi, Elysée akatoa kipimo ambacho, kumbe, alikuwa nacho miaka yote ndani ya boksi lake, kipya.

— Mbele deux virgule deux! akatangaza kama anayemtangaza Papa wa Roma. Nyuma deux virgule quatre!

Saa nne Radi likaondoka, kilomita ishirini kwa saa, Prado ya Télesphore na magari kumi nyuma yake yakipiga honi. Mtakatifu wa mguu mmoja alikuwa sasa juu ya redio. Coiffure ilisimama wima.

— Papa, haitetemeke, akasema Colombe.

— Haitetemeke, mama yangu.

Wakafika kwenye mzunguko wa barabara, wakauzunguka mpaka mbele ya kanisa. Kwaya iko mlangoni, padri anatazama saa. Colombe akamshika babake mkono.

— Papa, zunguka tena.

Blanchard akazunguka. Na kwa kuwa msafara hufuata gari la bibi arusi, Prado ikazunguka, mashangazi wakapiga kelele, magari kumi yakazunguka. Walipofika tena mbele ya kanisa, binti alichora duara hewani kwa kidole, na babake akazunguka tena.

Basi andikeni, enyi waandishi wa nchi, ili wajukuu wasome: mbele mbili nukta mbili, nyuma mbili nukta nne, mizunguko mitatu. Na Jumatatu, ndege ilipokwisha kuruka, Blanchard alirudi kutoka uwanja wa ndege wa Kavumu peke yake, polepole, kiti cha pili kitupu, na gari halikutetemeka hata kidogo. Andikeni na hilo.