Oili ya Kumvuta Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Novemba 1987

Mvua tangu alfajiri. Habari mbaya imekuja kwa baiskeli. Lori la Cassian limekata klachi jana chini ya mlima, nusu ya njia kutoka Bugomora. Ndani yake mna vitu vyote vya mama mkwe wangu, Kokugonza: kitanda, magunia ya maharage, vyungu, kuku. Na Kokugonza mwenyewe.

Mama huyu amekataa kuhama miaka miwili, tangu afiwe na mumewe. Mguu unamsumbua, anaishi peke yake, na mke wangu Anatolia amembembeleza mpaka akachoka. Mwezi uliopita akakubali kuja kwetu Nyakasimbi. Sasa amekwama. Mjane mmoja mwenye nyumba kando ya barabara, Nyirabahire, amempa pa kulala. Kokugonza ametuma neno: atasubiri hadi Jumamosi. Baada ya hapo anarudi kwake, na tusimwambie tena habari za kuhama.

Kazi hii ni yangu. Nani mwingine hapa ana lori la kuvuta mengine? Babu (ndivyo ninavyoliita) hana bodi ya mizigo. Nyuma ana winchi na cheni. Alikuwa wa jeshi, nilimpata baada ya vita. Nimemwambia Anatolia: Jumatano mama yako atakunywa chai hapa.

Saa nne akaja Novatus wa kijiji cha Ndama. Akasema trekta lake lipo, nikishindwa nimwite. Akamsalimia Anatolia kwa kirefu, akaulizia hata migomba. Aliwahi kumposa kabla yangu. Nilimshukuru kwa kifupi.

Fundi Harerimana alichomoa kijiti cha oili, akaisugua kidoleni. Imechoka, akasema. Nimwage, niweke namba 40, anayo debe zima. Nikaitikia. Lakini nina wazo.

Jumanne, 10 Novemba

Wazo lenyewe. Ni nini kinachobeba uzito wa lori? Difu, lile bonge la gia kati ya magurudumu ya nyuma. Difu inawekwa oili gani? Namba 90, nzito kama asali. Basi kama 90 inabeba lori zima, injini ya kuvuta itaishindaje? Nashangaa hakuna aliyeliona hili.

Nilikuwa na debe la 90 stoo. Nimemwaga oili ya zamani, nimemimina mpya. Ilichukua muda wa kula viazi viwili. Anatolia alisimama mlangoni akauliza mbona inashuka kama uji uliopoa. Nikamweleza habari za difu. Akasema Harerimana alitaja 40. Nikamwambia Harerimana ni fundi mzuri, ila hana mawazo makubwa.

Jumatano, 11 Novemba

Ukungu mpaka kwenye kizingiti. Baridi ya kuvaa makoti mawili. Nimewasha Babu. Starta ikaguna mara moja, kama mtu aliyeamshwa, ikanyamaza. Betri ikafa.

Majirani sita wakasukuma. Tukateremka mlima vizuri, nikatia gia, magurudumu yakagoma kuzunguka, yakateleza tu kwenye tope. Injini haikugeuka hata kidogo. Tukaingia shambani kwa Projest. Migomba minne imelala. Projest ni mtu mpole. Alihesabu mikungu, akakaa chini.

Nikaweka jiko la mkaa chini ya injini. Baada ya saa nzima, kwa betri ya kuazima, Babu akawaka. Furaha! Mshale wa geji ya presha ya oili ukapanda, ukapita alama ya mwisho, ukabaki hapo unatetemeka. Kisha sili ya filta ikapasuka, oili ikamwagika juu ya migomba ya Projest.

Aliyenitoa shambani ni Novatus na trekta lake. Hakucheka. Heri angecheka.

Alhamisi, 12 Novemba

Harerimana amebadilisha sili. Wakati amekwenda kunawa nikafikiri upya. Kosa la jana lilikuwa uzito. Kwa hiyo dawa ni wepesi. Nikachukua oili ya zamani niliyoimwaga, nikailainisha kwa mafuta ya taa. Ilimiminika kama maji. Babu akawaka mara moja, nikajisikia mtu mwenye akili.

Nilimjaribu kwa kuvuta gogo kubwa lililoanguka njia ya Ndama. Mita mia moja, safi. Mita mia mbili, injini ikapata moto, mshale ukashuka, ukalala kwenye sifuri. Kukaanza kugonga ndani, ko, ko, ko. Harerimana akaja mbio kutoka barabarani, akaweka bisibisi kwenye injini na sikio juu ya mpini, akaniamuru nizime.

Akanieleza kwa upole, kama mwalimu wa katekisimu. Asubuhi ya baridi oili nzito haifiki juu ya injini, chuma kinasagana kikavu. Na ukivuta mzigo mlimani injini inachemka, oili nyepesi inageuka maji, haishiki tena katikati ya chuma na chuma. Ndiyo maana ya namba 40 kwa kazi yangu na kwa hali ya hewa yetu. Halafu akasema:

"Baba Adelgunda, Mungu amekuhurumia leo. Usimjaribu tena kesho."

Niliporudi nikakuta neno jingine kutoka kwa Kokugonza. Ameanza kugawa vitu vyake. Nyirabahire amepewa chungu kikubwa. Anasema asiyehama hahitaji kubeba. Anatolia hakunilaumu. Aliingia chumba alichomwandalia mama yake, akakunja shuka moja, akalikunjua, akalikunja tena. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 13 Novemba

Sikupata usingizi mzuri, lakini nimepata jibu. Nzito imeshindwa, nyepesi imeshindwa. Basi zichanganywe! Nimekoroga 90 na ile ya mafuta ya taa katika debe moja, kwa mwiko wa Anatolia. Nusu kwa nusu. Nimeimimina kwa Babu kabla ya chai.

Anatolia alinitazama, kisha akasema cheni yetu ina pete iliyopasuka, afadhali niende Kayanga kwa baiskeli nikatafute nyingine. Kweli, kulikuwa na pete iliyopasuka. Mke anayeona mambo. Nimekwenda, nimerudi saa kumi na moja na cheni begani. Njiani nilipishana na Harerimana, kafunga debe tupu nyuma ya baiskeli, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Akanisalimia kwa heshima sana.

Jumamosi, 14 Novemba

Babu amewaka kwa mguso mmoja! Baridi ile ile, ukungu ule ule. Nilimtazama Anatolia aliyekaa pembeni yangu. Alikuwa anatazama mbele.

Tulifika saa tano, mvua ikinyesha. Kokugonza alikuwa tayari kafunga kanga kiunoni, kuku chini ya kwapa, uso umeelekea Bugomora. Cassian, ambaye ni mtoto wa dada yake, alikuwa amechoka kumsihi. Nilisimama mbali kama inavyompasa mkwe, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, kauelekeza uso upande mwingine kama inavyompasa yeye. Ndiyo sababu hawezi kupanda kwangu: tungekaa goti kwa goti, na hilo haliwezekani. Atavutwa ndani ya lori bovu, karibu na Cassian.

Anatolia akamshika mkono. Sikusikia walichosema. Walisimama muda mrefu. Kisha mama akampandisha kuku kwanza, halafu akapanda mwenyewe.

Mlima ule. Gia ya kwanza, cheni imekaza, tope mpaka nusu ya tairi. Babu alinguruma kwa sauti moja tu. Macho yangu hayakutoka kwenye geji. Mshale ulisimama katikati kama askari. Anatolia aliweka mkono wake juu ya wangu kwenye gia, akausahau hapo. Kwenye kona nikatazama kioo: nyuma ya ukungu, mama mkwe kakaa wima, hajashika kitu chochote.

Juu kabisa akaomba tusimame. Akashuka, akatazama vilima vya kwao. Anatolia akasimama naye. Nilizima injini ili wasisumbuliwe. Hatimaye Kokugonza akasema kwa sauti ya kunifikia, ingawa alikuwa anamwambia binti yake:

"Mwambie mumeo amenivuta vizuri. Hakunitikisa."

Nilijifanya nakagua tairi. Macho yalikuwa na vumbi, pamoja na mvua yote ile.

Ndama tulimkuta Novatus kando ya barabara, kakaa juu ya trekta, cheni tayari. Alikuwa hapo tangu asubuhi, endapo tungekwama. Akavua kofia kwa mama, akaondoka zake.

Jioni, mama akinywa chai chumbani kwake, Anatolia akaniambia ukweli. Jana, nilipokuwa Kayanga, yeye na Harerimana waliumwaga mchanganyiko wangu wote, wakaweka namba 40. Kisha akasema:

"Nilitaka mama afike, Baba Adelgunda. Unisamehe."

Nilimwambia hakuna cha kusamehe. Na nilimaanisha.

Jumapili, 15 Novemba

Tumesali. Kokugonza kakaa kiti cha mbele, wanawake wote wamemsalimia. Anatolia anaimba ndani ya nyumba, jambo ambalo sijalisikia tangu Pasaka.

Wakati wa mahubiri nilifikiri. Baada ya ibada nikamwuliza Harerimana swali moja, kama kwa bahati: ukimwaga oili, inatoka yote? Akasema hapana, haiwezi kutoka yote, hubaki kama kikombe kimoja pembeni pembeni.

Kikombe kimoja! Kikombe cha mchanganyiko wangu! 40 tupu kila mtu anayo. Ni nani aliyewahi kuvuta lori zima, na mama mkwe ndani, mlima ule, bila kumtikisa, kwa 40 tupu? Sijamwambia Anatolia. Mwacheni afurahi.

Ila shukrani ni deni. Novatus alikaa mvuani kwa ajili yetu kutwa nzima, nami nimekuwa nikimfikiria vibaya bure. Amekwenda Bukoba hadi Jumanne, trekta lake liko uani kwake, na kifuniko cha oili hakina kufuli.

Nimekwisha kukoroga kikombe chake. Nitamshangaza.