Bi Sindano na Kijichupa cha Damu

Jongeeni, enyi mliokaa na mliosimama; mwenye jembe alilaze, mwenye chungu motoni apunguze moto, mpate kusikia habari ya vita vilivyopiganwa katika chumba cha hatua nne kwa tano, baina ya mwanamke mmoja na sindano moja, ambamo damu iliyotoka haikutimia kijiko cha kulia. Mola aliyeumba mfupa akaupitishia mshipa na auongoze ulimi wa msimuliaji usizidishe. Na ukizidisha ausamehe, kwa kuwa jambo lenyewe halikuwa dogo kwa aliyelipigana.

Shujaa wetu ni fundi cherehani, mkata mashati, mpiga pindo, mtiisha mikunjo, ambaye mtaa mzima, tangu kwa muuza mkaa hadi kwa kinyozi, ulimwita Bi Sindano. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akichoma vitambaa bila huruma. Sindano alizibana kwa meno huku akizungumza na wateja. Alizichomeka begani mwa gauni lake zikapangika kama nyota za afisa. Na moja aliwahi kuikalia mbele ya wageni, akainuka taratibu, akaichomoa, akaendelea na mazungumzo. Lakini alikuwa na siri. Sindano ya hospitali, ile yenye tundu katikati, ilimtafutisha mlango wa kutokea. Siri hiyo waliijua watu wawili tu: marehemu mumewe, aliyekwenda nayo kaburini, na dada wa marehemu, yaani wifi yake, aliyeihifadhi kama tenga linavyohifadhi maji.

Adui akaja bila tarumbeta. Alikuja alfajiri, akazingira vidole vya mikono yote miwili, akavivimbisha kwenye vifundo na kuvikaza, hata fundi akiamka haviwezi kukunjika. Mkasi haukufunguka mpaka saa nne. Kutunga uzi, kazi aliyoweza kuifanya macho yamefumba, ikawa safari ya nusu saa na mapumziko njiani. Alipaka mafuta, akakanda kwa maji ya moto, akaomba dua, akavaa soksi mikononi. Adui akakaa miezi mitatu kama mgeni asiyeaga.

Ndipo alipokwenda kwa daktari, binti mwenye umri wa kitindamimba wake, aliyevibonyeza vidole kimoja kimoja bila haraka.

"Mama," daktari alisema, "maumivu ya viungo ni mapacha. Ukiyatazama kwa nje huyatofautishi. Huenda huu ni uchakavu wa kazi. Huenda kuna vijidudu vilipita mwilini vikaacha vurugu. Na huenda askari wa mwili wako wenyewe wamekugeuka. Dawa ya hili si dawa ya lile. Na hilo la tatu likiachwa, vidole hupinda, na vikipinda havirudi. Sitaki kukisia. Tumuulize shahidi aliyemo ndani."

"Shahidi gani, mwanangu?"

"Damu yako. Kijichupa kimoja tu."

Bi Sindano alitazama dirisha, akatazama mlango, akapima umbali wa vyote viwili.

"Hakuna shahidi mwingine? Mkojo, kwa mfano. Mkojo nitakupa hata ndoo."

"Mkojo haujui habari hii, Mama."

Siku ya Jumatatu shujaa akaenda maabara, akaketi kwenye benchi, akaikumbuka pasi aliyoiacha ikiwaka, akakimbia nyumbani kuizima. Ilikuwa pasi ya mkaa, nayo haikuwa na mkaa. Siku ya Jumatano akarudi. Zamu yake ilipofika akampisha mama mwenye mtoto mgongoni. Kisha mzee mwenye kikohozi. Kisha kijana mwenye haraka. Kisha mwanamume mwenye afya tele aliyekuja kuuliza choo kiko wapi. Ukarimu wa namna ile haujapata kuonekana kwenye foleni. Aliwapisha watu hadi dirisha likafungwa, naye akaenda zake akiwa na dua za wagonjwa kumi na wanne.

Siku ya Ijumaa wifi alijitokeza mlangoni kwake saa moja na nusu, amejifunga kanga mbili na kushika mwavuli, ingawa mbingu ilikuwa nyeupe kabisa.

"Wifi," alisema, "leo utatoa damu, au utatoa sababu?"

"Nani aliyekwambia nimetoa sababu?"

"Yule uliyempisha akauliza choo ni jirani yangu. Amekusifu sana. Twende."

Wakaenda. Na sasa, wasikilizaji, mfahamuni bingwa aliyewangoja. Alikuwa mtu wa maabara, mrefu, mwembamba, mwenye mikono isiyoisha, ambaye wagonjwa walimpa jina la Mbu kwa kuwa alichukua damu na kuondoka kabla mtu hajapata nafasi ya kupiga kofi. Wengine wangeliona tusi. Yeye alilivaa kama kilemba.

"Karibu kitini, Mama," akasema. "Mimi ndiye Mbu. Nikiuma, mtu hugundua akiwa kwake anakunywa chai."

"Mbu huleta malaria."

"Huyu haleti kitu, Mama. Anachukua tu."

Akamfunga mpira juu ya kiwiko, akagongagonga ngozi kwa vidole viwili kama mwenye kubisha hodi kwa mdaiwa. Mishipa ilisikia hodi ile, ikajificha. Bi Sindano akageuza uso ukutani, akafumba macho, akaanza kumtaja Muumba wake kwa majina aliyoyajua na mengine aliyoyabuni pale pale. Sindano ikagusa ngozi. Mkono ukaruka kama samaki. Kavu. Wakahamia mkono wa pili kama jeshi linavyohamia bonde la pili. Sindano ikaingia, mkono ukatulia kidogo, lakini mshipa wenyewe ukasogea kando, ukaiacha sindano ikichungulia patupu. Kavu tena.

Mbu, ambaye kwa miaka tisa hakuwahi kutoka jasho mbele ya mgonjwa, alijifuta paji la uso kwa bega.

"Mama, nisamehe. Sheria ya chumba hiki ni kwamba mtu akikosa mara mbili ampishe mwenzake, na mwenzangu leo yuko msibani. Nenda ukanywe maji mengi, urudi wiki ijayo. Kosa si lako."

Sikilizeni mtego huo. Malango yalifunguliwa na adui mwenyewe. Shujaa aliruhusiwa kukimbia na heshima yake mkononi. Kosa si lako: maneno matamu kuliko haya hakuwahi kuambiwa tangu alipoposwa. Akasimama. Akanyoosha mkono auchukue mkoba wake, na vidole vikakataa kuzunguka mshikio. Akajaribu tena. Mkoba ukateleza, ukaanguka.

Wifi akainama, akauokota, akautundika begani mwake. Yeye aliyekuwa na neno kwa kila jambo, aliyecheka hata kwenye matanga ya kaka yake mara moja kwa bahati mbaya, hakupata neno la kusema, akatazama chini.

Kimya kile kilimchoma Bi Sindano kuliko sindano zote mbili. Aliona siku zijazo: cherehani imefunikwa shuka, wateja wanapita upande wa pili wa njia wasimwone, na wifi anamfunga vifungo asubuhi bila kumtania. Akaketi tena.

"Hebu rudia, mwanangu. Umesema mshipa umefanyaje?"

"Umeteleza, Mama."

"Umeteleza."

Neno hilo alilijua. Lilikuwa neno la kazini kwake. Kitambaa cha satini huteleza, nacho kimewashinda mafundi wenye vyeti ukutani. Lakini yeye, Bi Sindano, alikuwa amekishona gizani umeme umekatika na bwana harusi anangoja mlangoni. Mgongo wake ukanyooka. Akageuza uso kutoka ukutani, akafumbua macho, akanena:

"Nisikilize, wewe Mbu. Kitu kinachoteleza hakifukuzwi. Ukikifukuza kinajua unakitaka. Kinavutwa kikakazwa, halafu kinachomwa mara moja bila kuombwa radhi. Mimi nilikuwa nakimbia, na mshipa wangu nao ukajifunza kwangu. Hebu nione hiyo sindano."

Mbu akafungua mpya, akamwonyesha. Kwa mara ya kwanza katika miaka hamsini na minne, mwanamke yule aliitazama sindano ya hospitali kama fundi anavyoitazama ya fundi mwenzake.

"Imekatwa mshazari."

"Ndiyo, Mama."

"Na mshazari unatazama juu?"

"Juu."

"Vizuri. Aliyekufundisha alikuwa mtu wa maana. Sasa nitaivuta ngozi hapa chini kwa kidole gumba, wewe uchome hapo juu."

"Mama, sheria..."

"Sheria imesema ukikosa mara mbili uite mwenzako. Mwenzako ni mimi."

Wifi akaketi chini ghafla, juu ya ndoo ya taka, ambayo kwa neema ilikuwa na kifuniko.

Basi Bi Sindano akanawa, akaweka kidole gumba chini ya kiwiko, kidole kile kile kilichovimba, akaivuta ngozi. Kikauma mpaka machozi yakamlenga. Hakukiachia. Mbu akachoma. Na tazameni, damu ikaja, nyeusi kidogo kama mvinyo wa wafalme, ikapanda taratibu ndani ya kijichupa chenye kifuniko cha njano, hadi kwenye mstari. Kiasi cha urefu wa kidole kimoja. Mkono haukuruka. Jicho halikufumba.

"Ondoa taratibu," Bi Sindano aliamuru, "usije ukanichana."

Alipotoka na pamba mkononi, benchi zima liligeuka kumtazama. Mzee mwenye kikohozi, aliyepishwa Jumatano na akarudi kwa kipimo kingine, alisimama kumpa nafasi ya kuketi. Wifi alitangulia mbele akitangaza ushindi. Walipofika kwa kinyozi kijichupa kilikuwa kimeshakuwa chupa, na kwa muuza mkaa kilikuwa ndoo.

Nyuma ya pazia la maabara, vita vya pili vilikuwa vikiendelea kimya kimya. Mbu alikizungusha kile kijichupa katika mashine hadi damu nzito ikakaa chini na majimaji ya manjano yakabaki juu. Majimaji hayo akayadondosha kwenye visahani vidogo vilivyotegwa chambo. Maana kingamwili, hizo silaha ndogo za damu, zina tabia moja: zikimkuta adui ambaye zimetengenezwa kwa ajili yake, hung'ang'ania, uoshe, usuuze, hazitoki. Kikamwagwa kitu cha kuzitia rangi zilizoshika. Visahani vingine vikabaki vyeupe kama maji. Kimoja kikawaka njano iliyokoza.

Wiki ya pili daktari akawaita. Karatasi ilikuwa mezani.

"Mama, kipimo ni chanya. Kingamwili zimeonekana, tena nyingi."

Wifi akainua mikono juu. "Mungu mkubwa. Chanya, tena kinga nyingi. Wifi yangu ana kinga kuwashinda watu wote, nilijua, kwao hawaugui hovyo."

Bi Sindano hakushangilia. Alikuwa akiyatazama macho ya daktari.

"Mwanangu, kinga ikizidi ni kheri?"

Daktari akavuta kiti karibu. "Inategemea imekatwa kwa kipimo cha nani. Ndani ya damu kuna chembe nyeupe; hao ndio askari. Wengine humla adui mzima mzima. Wengine ni mafundi kama wewe, kazi yao kushona kingamwili. Na kila kingamwili hushonwa kwa kipimo cha adui mmoja tu, haimwenei mwingine."

"Kama kifungo na tundu lake."

"Hasa. Sasa kwako, Mama, mafundi hao wamekosea. Wamechukua vipimo vya viungo vyako mwenyewe, wakidhani ni vya mwizi, na wanashona usiku na mchana. Maabara ilitega damu yako kwa visahani vyenye chambo cha kila namna, na kilichowaka rangi ni kile chenye chambo cha viungo. Damu, vidole na miezi uliyonihesabia vinasema jambo moja: ni lile la tatu."

Bi Sindano akafikiri. "Basi hawana nia mbaya."

"Hawana. Wana bidii."

"Fundi mwenye bidii na kipimo kibovu," akasema polepole, "huharibu jora zima la kitambaa. Nimewahi kumwajiri mmoja. Nikamwondolea mkasi."

"Dawa ndiyo itawaondolea mkasi. Si wote, wa kukulinda tunawahitaji. Utameza kwa muda mrefu, na damu tutaipima tena na tena. Lakini hujachelewa. Mifupa bado haijapinda. Ungekuja mwakani ningekwambia maneno mengine."

Na sasa huyo wifi, aliyekuwa ameshusha mikono yake, akaitwaa mikono ya mjane wa kaka yake, akaishika kama ashikaye mayai, akasema, "Damu tena na tena. Watu wa benchi lile watapishwa mpaka wachoke." Wakacheka wote watatu, daktari naye, mpaka mgonjwa aliyengoja nje akagonga mlango.

Haikuwa wiki moja, wala mbili. Ilikuwa mwezi wa tatu wa vidonge ndipo vidole vilipoanza kutii kabla ya saa mbili asubuhi, na siku moja wateja wakaisikia cherehani ikikimbia jua halijapanda paa. Kidole gumba bado humsumbua siku za baridi. Yeye humwambia kila mtu kuwa hilo ni jeraha la vitani, na hamdanganyi mtu.

Wafalme wameandikiwa vitabu vya ngozi kwa miji waliyoichoma, na majemadari wamesimamishiwa sanamu ambazo njiwa huzikalia. Habari ya Bi Sindano imeandikwa kwenye daftari la maabara, lenye jalada lililochanika, kwa mwandiko wa Mbu, usiosomeka vizuri. Anayetaka kuhakikisha na aende akalifungue. Jumatatu, mbele ya jina lake: ameondoka. Jumatano: ameondoka. Ijumaa, saa tatu na robo: damu imepatikana, tumeshirikiana.