Kidonge Kabla ya Posa

Jumatatu, 8 Machi 1954. Temeke.
Gaspar, karani mwenzangu, anakwenda Kinondoni Jumapili kumposa Auleria. Auleria wangu! Basi nitamtangulia. Jumatano nitasingizia kichwa, nitoroke ofisini, nikajitambulishe kwa baba yake mdogo, Mzee Ansbert. Akili ninazo.

Jumatano, 10 Machi.
Nimemlilia karani mkuu kwamba kichwa kinapasuka. Akanipa aspirini, akasimama kuhakikisha nameza. Nikameza. Nikaugulia zaidi. Akaniruhusu. Ushindi!
Njiani midomo ikaanza kuwasha. Nilipobisha hodi Kinondoni uso ulikuwa umeumuka kama andazi. Auleria akafungua mlango, akaniamkia shikamoo. Hakunijua!
Mzee Ansbert akanikaribisha kwa kahawa ya kutafuna, kama kwetu Bukoba. Anayeikataa ameikataa nyumba. Nikaitia kinywani. Midomo haikufunga. Punje zikadondoka mkekani mbele ya mzee. Alizitazama, akanitazama, akasema nirudi Jumapili aione sura yenyewe.
Jumapili! Pamoja na Gaspar!

Alhamisi, 11 Machi.
Mama Mwajabu, mwenye nyumba wangu, aliniuliza nimemeza nini. Nikamwambia. Akapiga yowe. Eti kaka yake alikuwa hivyo hivyo, kidonge kile kile, na mara ya pili nusura akate roho. Akaniapisha nisikiguse tena.
Nimeapa, ili aondoke. Lakini dawa ya kichwa itavimbishaje midomo? Hapana. Mie najua. Jana nilivaa tai niliyoazima kwa Gaspar. Mchawi yule!

Jumamosi, 13 Machi.
Uso umepungua. Nimemrudishia Gaspar tai yake nikiwa nimeining'iniza kwenye kijiti. Alishangaa sana. Mnafiki.

Jumapili, 14 Machi.
Nimenyoa. Shati jeupe. Kwenye kioo ni mie kabisa, na sina tai ya mtu. Auleria mwenyewe amemtuma Tunu, binti wa jirani yao, kuniambia ananingoja na nisimwaibishe tena. Ananipenda! Nimefurahi mpaka moyo unakimbia.
Ila kumfikiria Gaspar kumeniletea maumivu ya kichwa, ya kweli safari hii. Siwezi kukaa mbele ya mzee nimekunja uso. Mama Mwajabu yuko sokoni, kwa hiyo nimekwenda dukani nikameza aspirini mbili. Jumatano nilikosea: kidonge kimoja hakikutosha, uchawi ukakishinda.
Natoka sasa hivi.
Midomo imeanza kuwasha. Lazima Gaspar anapita hapo nje.