Nani Ataongoza Gwaride la Ngome ya Dunlarrig?

Jumatano, 7 Agosti
Msiba! Kamati ya Siku ya Ngome imemchagua Hector Bain, mwoka mikate, kuongoza gwaride Jumamosi. Yeye na zumari lake la mfuko! Mimi, Murdo Gillespie, ambaye babu wa babu yangu alipiga ngoma katika kikosi cha ngome hii hii, nimepangwa mkiani. Nyuma ya farasi! Mama kasikitika. Kasema angependa kumwona Gillespie mmoja mbele kabla macho hayajamzimikia kabisa. Basi nimeapa. Ataniona.

Alhamisi, 8 Agosti
Mpango wa kwanza. Nimempelekea Hector hagisi, tumbo la kondoo lililoshindiliwa maini, nami nikaongeza pilipili za kutosha kijiji. Midomo ivimbe, zumari limshinde. Kala yote. Kalamba na sahani! Kauliza kama pilipili zimetuishia nyumbani. Kisha kanikumbatia, eti hajapata kuwa na jirani mwema kama mimi. Nimerudi na hasira, na mkate wa bure kwapani.

Mkate mtamu, lakini.

Ijumaa, 9 Agosti
Mpango wa pili. Wa kijeshi huu. Hector atatokea langoni. Mimi nitatokea juu ya ukuta! Nitapuliza kabla yake, umati ugeuke, gwaride linifuate. Nimeazima zumari kwa binamu. Elspeth, mke wangu, kauliza nilijifunza lini kulipiga. Maswali ya kuvunja moyo! Mwenye maswali hajawahi kuteka ngome.

Jumamosi, 10 Agosti
Jua! Uskoti, na jua! Bendera zapepea, watu wamefurika, Mama kakaa kiti cha mbele. Nikapanda ukutani na kilti yangu mpya, ile sketi ya wanaume wa Kiskoti. Upepo ukaipandisha. Wanawake wakapiga yowe. Sikujali. Nikapuliza. Ikatoka sauti ya ng'ombe mwenye uchungu wa kuzaa. Papo hapo mzinga wa sherehe ukalia chini yangu: BUU! Nikaruka. Nikatua juu ya hema la chai la wanajeshi wastaafu. Likaporomoka nami. Nikatoka na krimu mpaka masikioni.

Umati ukanikodolea macho.

Kisha mzee mmoja, kifua kizima medali, akapaza sauti: "Adui katekwa!"

Walidhani ni igizo la vita! Vifijo, nderemo, kofia hewani! Hector akaja mbio, akaniuliza kama nimeumia, akanifunga mikono kwa mkanda wake, akanitia mbele ya gwaride. "Twende, mateka wangu," akasema, "na ujitahidi kuhuzunika."

Nilishindwa. Nimezunguka ngome nzima nikicheka, mbele kabisa, zumari la Hector likinguruma nyuma yangu. Mama kasimama kunipigia makofi!

Jumapili, 11 Agosti
Mbavu zauma. Mama kapiga simu. Kasema tangu Baba afariki hajacheka hivyo, na kwamba Gillespie mateka ni bora kuliko Gillespie wa nyuma ya farasi. Nimefuta chozi, la krimu nadhani.

Elspeth kauliza kama nimejifunza kitu. Nimemjibu ndiyo, tena kikubwa: ukuta wa mashariki ni mfupi zaidi, na uko mbali na mzinga.