Nilivyomtoa Bi. Oksana Jikoni

Jumatatu, 3 Machi

Barua imebandikwa mlangoni mwangu kwa gundi. Siku saba! Mimi, Murdo Pettigrew, mrekebishaji piano, mwaka wa sita huu ndani ya nyumba hii ya Hamilton, nihame kwa siku saba! Mwandishi ni Bohdan, mtoto wa marehemu kaka yake Bi. Oksana, mwenye nyumba wetu. Kaja kutoka Toronto na viatu vilivyochongoka. Anavitaka vyumba vyote viwili vya chini: changu, na cha Lucien, dereva wa basi mstaafu, anayekoroma kwa Kifaransa.

Nilimuuliza haki yangu iko wapi. Akacheka. "Mzee, wewe si mpangaji. Unapika jiko moja na mwenye nyumba. Umehifadhiwa tu!"

Bi. Oksana alikuwa nyuma yake, anakunja aproni, anaikunjua, anaikunja tena. Baadaye alituletea supu ya bitiruti. Chumvi imezidi. Miaka sita, chumvi haijawahi kuzidi.

Jumanne, 4 Machi

Kituo cha msaada wa kisheria. Foleni hadi kwenye theluji. Wakili wangu ni Bi. Iannuzzi, mama mwenye miwani miwili, mmoja kichwani, mwingine anautafuta.

Anasema Bohdan hakubuni. Ukilazimika kutumia jiko au bafu pamoja na mwenye nyumba, au mumewe, au mkewe, au mtoto wake, au mzazi wake, na yeye anaishi humo humo, sheria ya wapangaji haikulindi. Usipolazimika, hakuna wa kukutoa kwa karatasi ya gundi. Kuna fomu yake, kuna muda wake, na ukikataa kuhama ni lazima akupeleke kwenye baraza la wapangaji.

Akasema nimletee karatasi zozote zinazohusu nyumba, na nisifanye chochote kwanza. Sehemu hiyo sikuisikia vizuri, maana nilikuwa tayari mlangoni. Nimeshaelewa! Bafu Bi. Oksana analo lake juu. Limebaki jiko. Bi. Oksana akitoka jikoni, mimi ni mpangaji. Rahisi mno. Nashangaa watu husomea sheria miaka mingi hivyo ya nini.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango wa kwanza: panya. Nilimnong'oneza Bi. Oksana kwamba nimemwona nyuma ya friji, mnene, anajiamini. Nilitegemea apige kelele akimbilie juu. Alikuja na ufagio. Akasogeza friji peke yake! Amesugua jiko saa tano mfululizo. Hajawahi kukaa jikoni muda mrefu kiasi hicho tangu nimjue.

Mpango wa pili: samaki. Nilikaanga heringi wa chumvi, madirisha yote yamefungwa. Hata mimi machozi yalinitoka. Bi. Oksana akashuka ngazi akinusa. Nikajua sasa atakimbia. Akasema harufu hii ni ya kwa bibi yake, kijijini, kabla hawajapanda meli. Akavuta kiti. Amekula wanne. Lucien, ambaye hakualikwa, watano.

"Endelea hivyo hivyo, wakili," Lucien alisema akilamba vidole. "Kesho utamfukuza kwa keki."

Jumamosi, 8 Machi

Ushindi! Nimemnunulia Bi. Oksana jiko dogo la umeme, la kuweka juu ya meza. Nikalipandisha mwenyewe hadi kwake. Nikasema ngazi zinamchosha, apike huko huko. Alinibusu mashavu yote mawili.

Saa sita harufu ya kabichi ilianza kushuka kupitia dari. Zile za kuviringishwa, za wali na nyama. Nikasubiri sahani yangu. Haikuja. Lucien aliitwa juu kutengeneza plagi na akakaa saa mbili. Mimi sikuitwa. Bi. Oksana kaniambia, kwa upole wa kuumiza, kwamba kama chakula chake kilikuwa kinanikera, ningemwambia tu mapema.

Nimekula mkate na haradali. Kama mpangaji, lakini!

Lucien aliporudi hakuwa na utani. Bohdan kamtafutia shangazi yake kitanda kwenye nyumba ya wazee, mji mwingine. Kuanzia Aprili. Bi. Oksana amemwambia hajui huko nani atamruhusu kushika sufuria. Sikumaliza mkate.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya saba. Bohdan kaingia bila kugonga. Nikasimama katikati ya jiko na kutangaza kwamba Bi. Oksana hapiki tena humu, kwa hiyo mimi ni mpangaji kamili. Bohdan akapanda juu, akachomoa jiko langu, akashuka nalo kwapani kama mkate. Bila jiko la juu, Bi. Oksana anarudi kupika humu. Kesi imekwisha.

Ndipo Bi. Oksana akasema, kwa sauti ndogo, kwamba hii ni nyumba yake.

"Nyumba yako wapi, shangazi? Ulisaini mwenyewe mwaka juzi. Mwenye nyumba ni mimi! Hati hii hapa!"

Bi. Oksana akaketi kwenye ngazi. Alidhani alisaini ili Bohdan amsaidie mambo ya kodi ya jiji. Sijawahi kujisikia mdogo namna ile. Wiki nzima nimemwinda jikoni mtu ambaye hata si mwenye nyumba!

Lucien akaomba, kwa adabu nisiyoijua kwake, kama anaweza kupata nakala. Bohdan akamrushia. "Chukua. Itie fremu."

Jumatano, 12 Machi

Bi. Iannuzzi kaisoma hati mara mbili, kila mara kwa miwani tofauti. Akauliza Bohdan anaishi wapi. Toronto. Amewahi kupika pale? Hajawahi kuosha hata kikombe. Bi. Oksana ni mama yake? Shangazi.

Akacheka hadi karani akachungulia. Mwenye nyumba ni Bohdan. Jiko hatutumii naye. Shangazi hamo kwenye orodha ya sheria. Mimi na Lucien ni wapangaji! Barua ile ni gundi tu!

Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, Bohdan mwenyewe alisaini kwamba shangazi ataishi vyumba vya juu maisha yake yote. "Huyu mama hang'oki mpaka atake mwenyewe," alisema Bi. Iannuzzi.

Nikamweleza mchango wangu wa jiko la umeme. Akasema halikusaidia hata kidogo, na lingeweza kutuharibia. Ni maoni yake.

Jumamosi, 15 Machi

Barua ya wakili imemfikia. Leo Bohdan kaja na kubandua karatasi yake mlangoni mwangu kwa kucha. Kaniita Bwana Pettigrew! Nikamwonyesha kipande kilichobaki pembeni.

Bi. Oksana kateremka na aproni imefungwa kiunoni. "Bohdan, vua viatu. Kaa. Ule kwanza, halafu utaosha vyombo, vyote." Akala. Akaosha. Mimi nilirudishiwa heshima yangu: sahani tatu za kabichi. Nikasimama na kueleza jinsi mkakati wangu ulivyomlazimisha adui kutoa hati. Hakuna aliyebisha. Walikuwa wanatafuna.

Jumapili, 16 Machi

Sifa zimeenea. Wendell, mpangaji wa nyumba ya ng'ambo ya barabara, kaja kunitaka ushauri. Mwenye nyumba wake, ambaye wanaishi na kupika pamoja, anamkataza wageni. Nikafikiri dakika nzima. Kumsumbua Bi. Iannuzzi Jumapili si uungwana. Nikamwambia Wendell abadilishe kitasa cha mlango mkubwa mara moja, mwenye nyumba akiwa bado kanisani.

Saa nane mchana kanipigia simu. Polisi wamefika.

Nimemwambia atulie. Sheria imeanza kufanya kazi.