Malalamiko Juu ya Dada Yangu Khole Kuandikwa Kuwa Anaona

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kupima Wanaostahiki Mafunzo ya Kazi kwa Wenye Ulemavu wa Macho,
Maskati.

Assalaam alaykum. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu nimeambiwa mamako ni mtu wa Unguja, na Kiarabu changu cha kuandika bado hakijakomaa. Mimi ni Yaqoob bin Awadh wa Sib. Shule nilifika darasa la saba, la nane nililisikia kwa wenzangu, lakini dunia nimeitembea: Bombay, Mombasa, Dubai hesabu imenipotea, na Rotterdam nimelala siku mbili, japo zote uwanja wa ndege. Kwa hivyo nnajua ofisi inavyotakiwa iwe.

Dada yangu Khole miaka kumi na mbili anapokea simu kwenye kliniki ya Daktari Noof hapa Sib. Mwaka huu macho yamemtupa mkono. Daktari Noof, Mungu amzidishie, kasema kiti chake hakikaliwi na mtu mpaka mwisho wa mwezi, ilimradi Khole akajifunze kwenu ile kompyuta inayosema. Nyinyi mkamleta mpimaji, Ustadh Hatem, naye kaandika: "Mwombaji anaona vya kutosha. Hastahiki." Mheshimiwa, malalamiko yangu ni haya:

1. Hatem alipiga simu siku moja kabla. Sasa nyumba ya watu imeambiwa mgeni anakuja, ikae hivi hivi? Mama kaipiga deki mpaka ukuta. Fimbo ya Khole kaificha kabatini, mgeni asije akadhani hapa pana shida.

2. Kafika, kakaribishwa, kamwuliza Khole mbele ya mama, mbele yangu na mbele ya majirani watatu: "Vipi macho yako?" Khole kajibu, "Alhamdulillah." Hatem kaandika: mazima! Mheshimiwa, nchi hii mtu yuko chini ya lori, ukimwuliza vipi hali, atakwambia alhamdulillah, na wewe je, wazee hawajambo? Hatem ni mtoto wa hapa hapa. Hajui?

3. Kahawa. Khole kamimina vikombe sita, tone halikudondoka. Hatem kaandika tena. Huyu mwanamke anashika dele la kahawa tangu ana miaka tisa. Anasikia kikombe kikijaa kama mimi ninavyosikia gari yangu ikiharibika. Zimeni umeme nyumba nzima, atakumiminia.

4. Aliulizwa kanzu ya Hatem ina rangi gani. Kasema nyeupe. Mtumishi wa serikali, Maskati, saa za kazi! Alitazamiwa aseme ya maua?

5. Hili ndilo zito. Kapewa gazeti asome, nami nilikuwa nimekaa ubavuni pake, nikamnong'oneza. Sikatai. Lakini kosa ni la nani? Ni la aliyeniacha nikae pale. Na kwa kuwa miwani yangu niliisahau chumbani, habari ya bandari nilimsomea kuwa ya mpira, naye kaisema vile vile, mabao na yote. Hatem kaitikia kwa kichwa, kaandika "anasoma vizuri." Basi na yeye apimwe!

Kwa kipimo hiki, Mheshimiwa, Omani nzima hakuna asiyeona. Marehemu babu yangu, aliyekuwa akisalimiana na nguzo ya baraza, kwenu angepewa leseni ya gari. Kwa hivyo naomba: mpimaji aje bila ya kutoa khabari, wakati nyumba haijafagiwa, jamaa wote watolewe nje, nikiwa wa kwanza mimi, na atakayejibu alhamdulillah aulizwe tena, na tena, mpaka achoke adabu. Mkiona tabu, nipeni mimi kazi ya upimaji. Mimi kudanganywa siwezi, kwa sababu uwongo wote nnaujua.

Msinikasirikie. Nimemlea Khole tangu baba yetu alipofariki, na tangu juzi anakaa karibu na simu ya nyumbani, haijalia, anaipokea.

Wasalimie wajumbe wote, mlinzi wa mlangoni, mama yako, na Hatem pia, kahawa yetu bado ipo.

Mimi niliyeghadhibika kwa heshima,
Yaqoob bin Awadh

Tanbihi: Sijafunga bahasha, Khole kaingia. Kumbe wakati mimi nahangaika na barua hii, yeye kachukua teksi peke yake mpaka ofisini kwenu Azaiba. Hatem kamwuliza vipi macho, naye kasema: "Sioni. Nataka kazi yangu." Maneno manne. Kaandikwa upya pale pale, Jumapili, wiki ya kazi ikifunguka, anaanza mafunzo. Kwa hivyo Hatem hana kosa, kamati haina kosa, na yote matano nayafuta. Nimemgombeza kwa nini hakuniambia nimpeleke. Kacheka, kanambia: "Kaka, ungekuja ungenijibia."